Bibi Jana na Theluji Iliyokatwa Nusu

Katika ofisi ya hali ya hewa watu wote walishughulika na kesho, isipokuwa mwanamke mmoja. Yeye alishughulika na jana. Asubuhi, wenzake walipokuwa wakibishana kama mawingu ya magharibi yatafika mjini kabla ya jioni, yeye aliketi kwenye meza ya pembeni, karibu na kabati lisilofungika mpaka lipigwe teke, akauliza swali lake lilelile: jana tulisema nini, na jana ikawa nini? Ndiyo maana walimwita Bibi Jana. Jina lilianza kama utani wa fundi mitambo, likamkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kompyuta kubwa ilitoa utabiri wa mvua na theluji kwa kila kituo, na kila kituo kilikuwa na mtungi wa chuma wa kupimia kilichoanguka kweli. Bibi Jana alilinganisha viwili hivyo, kisha akakiweka kila kisa katika kisanduku kimoja kati ya vinne. Ilisema, ikawa. Ilisema, haikuwa. Haikusema, ikawa. Haikusema, haikuwa. Baada ya hapo alipima kiasi: iliposema theluji ya kufika gotini, je, ilifika gotini au iliishia kwenye kifundo? Mwisho wa msimu alitoa ripoti, na kwa ripoti hiyo watabiri walijua waiamini kompyuta kiasi gani.

Miaka mingi ya kazi hiyo ilimfanya aione dunia nzima kwa visanduku vinne. Mume wake alikuwa fundi bomba, stadi wa kusifika, na bomba la jikoni kwake lilivuja usiku na mchana juu ya sufuria. Mganga hajigangi. Kila wiki fundi aliahidi kulikaza, na kila wiki mke wake alimtazama tu na kusema, "Ilisema, haikuwa," naye akacheka na kutoka na mkoba wake kwenda kukaza mabomba ya watu.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote achukue mwavuli. Majirani walipomuuliza kuhusu mvua aliwajibu kwamba hiyo ni kazi ya wenzake. Yeye wamuulize ya jana. Walimwona mwenye maringo, lakini haikuwa maringo. Alikuwa ameona watabiri wazuri wakiumbuka mara nyingi mno, na ndani yake alishukuru kwamba jana haibadiliki.

Misimu miwili kabla ya mambo haya, ofisi ililetewa modeli mpya ya kompyuta ya utabiri, mahali pa ile ya zamani. Waliiita Mgeni. Kwa mvua za bondeni Mgeni alikuwa hodari. Lakini kule juu, kwenye barabara inayopanda na kuvuka mlima, alikuwa na tabia mbaya: alizidisha theluji. Akisema itafika gotini, mtungi wa kituo cha mlimani ulipima nusu. Akisema nusu, mtungi ulipima robo. Siku nyingine alipatia sawasawa, lakini mara nyingi alizidisha, na kila alipozidisha Bibi Jana aliandika. Ripoti yake ya kwanza ilisema wazi kwamba Mgeni anatia chumvi kwenye theluji ya mlimani. Mkuu wa zamu, kijana mwenye adabu na mwenye haraka, aliisoma ripoti yote, jambo ambalo wakuu wengi hawafanyi, kisha akaweka utaratibu: theluji ya mlimani ikatwe nusu kabla ya kutangazwa. Ukaitwa mkato. Baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka kwamba mkato uliwahi kuwa haupo.

Idara ya barabara nayo ilizoea. Kila wiki ilipelekewa hesabu ya theluji iliyolala mlimani, iliyojumlishwa kutoka kwenye mtungi, ili ijue lini ifunge kizuizi cha barabara na lini iondoe watu wake juu.

Mmoja wa watu hao alikuwa mdogo wake Bibi Jana, wa mwisho kuzaliwa, aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa akiugua. Huyu aliendesha greda la kuondoa theluji, na watu wakamwita Greda. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na alijivunia kazi ya dada yake kuliko mwenyewe alivyojivunia. Kule kambini, redio iliposema jambo, Greda aliwaambia wenzake wasibabaike: ile mashine inatia chumvi, kateni nusu, dada yangu ndiye anayeipima. Msimamizi wao, mzee mwenye filimbi shingoni waliyemwita Nyapara, aliupenda msemo huo akaufanya wake. Mtu akisema chakula kimechelewa, au miguu inauma, Nyapara alimjibu, "Kata nusu."

Jumapili moja, theluji ilipokuwa inakaribia kwisha na jua limeanza kuwa na meno, Greda aliteremka kumtembelea dada yake. Alikula sahani mbili, akamtania shemeji yake juu ya bomba.

"Shemeji, nyumba yako ina saa ya ukutani isiyohitaji betri. Tik, tik, tik."

"Hiyo ni posho ya dada yako," fundi bomba akajibu. "Akikosa cha kupima kazini, anapima sufuria."

Wakacheka. Kisha Greda akaanza kusimulia ya mlimani. Alisema walikuwa wakijenga upya kalavati la kupitisha maji ya barabara chini ya mteremko mkubwa, na kambi wameihamishia hapohapo, mahali patulivu, upepo haufiki, hata mshumaa hauzimiki. Mwaka huu theluji ilikuwa imefunika kibao cha kona mpaka juu, na ule uzio wa mbuzi ulioko nyuma ya mteremko haukuonekana tena. Alisema hayo kama mtu anayesimulia samaki mkubwa aliyemponyoka.

Bibi Jana aliweka chini kikombe chake. Kibao cha kona kilikuwa kirefu kuliko mtu. Kwa hesabu aliyokuwa akiipeleka idara ya barabara kila wiki, theluji ya mlimani haikufika hata nusu ya kibao.

Alimuuliza kama ana hakika. Greda akasema ana hakika, kwani alikigonga kwa greda asikione. Halafu, akichokonoa meno, akaongeza jambo dogo.

"Na ule mtungi wenu pale mgongoni mwa mlima, dada, nauonea huruma. Umesimama uchi kabisa. Theluji inapita mbele yake kama basi lililojaa, wala haisimami."

"Uchi vipi? Una pazia la vibati kuuzunguka."

"Vibati? Viling'olewa na upepo zamani. Msimu wa juzi ule. Kimoja tulikiokota, Nyapara amekifanya sinia ya kukaushia soksi."

Yeye aliendelea na maneno mengine. Dada yake hakuyasikia. Kila mtu wa kazi yake alifundishwa jambo hili siku za mwanzo kabisa: mvua ni nzito, huingia mtunguni hata kukiwa na upepo, theluji ni nyepesi kama unyoya, na upepo ukivuma huipitisha juu ya mdomo wa mtungi ikaenda zake. Ndiyo maana mtungi huzungushiwa vibati vinavyouvunja upepo. Katika orodha ya vifaa vya kituo kile, vibati viliandikwa vipo. Kituo kilituma vipimo kwa redio, na kiliwekwa mgongoni mwa mlima kwa sababu hiyo tu, ili redio ishike. Hakuna aliyepanda kukitazama.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya mfagizi hajamaliza. Hakuvua koti. Alichukua siku zote za theluji za misimu hiyo miwili akazigawa mafungu mawili: siku za upepo na siku za utulivu. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, na angeweza kuifanya wakati wowote katika misimu hiyo, lakini hakuwahi kuwa na sababu.

Siku za utulivu Mgeni alikuwa amepatia. Si karibu, amepatia hasa. Siku za upepo alikuwa "amezidisha", na kadiri upepo ulivyokuwa mkali ndivyo chumvi ilivyozidi.

Bibi Jana alikaa akitazama kioo cha kompyuta mpaka chai yake ikaota utando. Ilikuwa kana kwamba mgeni aliingia nyumbani siku ileile bakuli lilipovunjika, nao wote wakamtazama mgeni. Hakuna hata mmoja aliyelitazama bakuli. Yeye aliyekuwa mpimaji wa kila kitu hakuwahi kuupima mtungi.

Kisha likaja wazo la pili, na hilo lilimfanya asimame. Ikiwa theluji ile haikuingia mtunguni, haikupotea. Upepo haumezi kitu. Hubeba, na ukifika mahali ambapo hauna nguvu tena, hutua mzigo. Na Greda amesema mwenyewe: kambi ipo mahali patulivu, upepo haufiki.

Theluji yote waliyoikata nusu kwa misimu miwili kwenye karatasi haikukatwa mlimani. Ya msimu huu ilikuwa imelala yote juu ya mteremko, juu ya kambi.

Akafungua utabiri wa Mgeni wa siku zinazofuata, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya mpaka siku hizo zipite. Mgeni alisema kuwa kesho alasiri hewa ya joto ingepanda mlimani, na jioni mvua kubwa ingenyesha mpaka kwenye kilele. Si theluji. Mvua, juu ya theluji, na theluji nyingi ya mteremkoni ikilowa hulegea ikaporomoka.

Mkuu wa zamu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. Hakumdharau, wala hakuwa mjinga. Alizitazama siku za upepo na siku za utulivu, akazitazama tena, na rangi ya uso wake ikabadilika kidogo kidogo, kama ya mtu anayepapasa mfuko na kukuta hauna ufunguo.

"Bibi Jana," alisema, "unaniambia mkato wetu ni uongo."

"Nakuambia ripoti yangu ilikuwa uongo. Mkato umezaliwa na ripoti."

Akachukua simu palepale akaongea na mhandisi wa idara ya barabara. Bibi Jana alisikia upande mmoja tu, lakini upande wa pili haukuwa mgumu kukisia. Mhandisi alikuwa na waraka mezani, wenye muhuri wa ofisi hiihii, unaosema Mgeni anazidisha theluji. Alikuwa pia na hesabu ya wiki iliyopita, inayosema theluji ya mlimani ni ya kawaida. Sasa anaambiwa mara mbili yake, na ushahidi ni sinia ya soksi? Aliomba kipimo. Mkuu wa zamu akasema kipimo ndicho kibovu. Mhandisi akasema, kwa upole wa mtu mwenye kazi nyingi, kwamba basi apelekewe kizuri. Mwishowe alikubali kutuma tahadhari kambini, na uamuzi wa kuhama au kutohama akamwachia msimamizi aliye pale.

"Nimefanya nilichoweza," mkuu wa zamu alisema baada ya kuweka simu. "Mvua ya kesho nitaitangaza nzima. Siikati."

"Mvua hamjawahi kuikata," Bibi Jana alimjibu. "Ni theluji iliyokatwa."

Simu ya kambini haikushika siku ile. Jumanne aliipiga tangu asubuhi, mara mlio, mara kimya. Mchana mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa za nyumba, na hewa ilikuwa na joto lisilo la msimu, joto la chumba chenye mgonjwa. Watu barabarani walikuwa wamefungua makoti na walisalimiana kwa furaha. Yeye alipita katikati yao kwenda kununua mkate akaona kila uso unang'aa, akaogopa zaidi.

Simu ilishika alasiri. Greda aliipokea kwa kicheko, nyuma yake vyuma vikigongana na mtu akiimba.

"Dada! Tahadhari yenu imefika. Nyapara ameibandika jikoni, anasema itafaa kuwashia moto."

Alimwacha amalize kucheka. Kisha akamweleza, polepole, kama alivyokuwa akimweleza hesabu utotoni: vibati, upepo, siku za utulivu, mteremko. Akamwambia ripoti zake zote mbili za mlimani zilikosea. Greda akasema haiwezekani. Yeye hajawahi kukosea. Akasema itakuwa amechoka tu, shemeji ampeleke matembezi. Akasema kibao cha kona huenda kiliinama.

"Mdogo wangu," Bibi Jana akasema. "Tangu uzaliwe, umewahi kunisikia nikikuambia habari za kesho?"

Sauti ya yule mwimbaji ilififia, kana kwamba Greda ametoka nje.

"Hapana, dada."

"Leo nakuambia. Shukeni mpaka karakana ya njia panda. Leo, kabla ya giza."

Greda hakucheka tena. Alisema wenzake atawachukua, wanamsikiliza; tatizo ni mzee. Na kabla hajamaliza kusema hivyo mzee mwenyewe alikuwa ameichukua simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushinda upepo.

"Hujambo, Mama Vipimo. Ni Nyapara. Nasikia unawatisha vijana wangu."

Alimwamkia kwa heshima, akaanza tena tangu mwanzo. Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba yupo mlimani tangu barabara ikiwa njia ya punda, na amewaona wapimaji wengi wakija na kwenda. Akasema kalavati lina zege bichi, na mvua ikija asipokuwepo wa kuyageuza maji, kazi ya mwezi itakwenda. Vijana wanaotaka kulala karakana waende, yeye hamfungi mtu kamba. Lakini yeye atabaki.

"Baba, nakuomba," alisema Bibi Jana. "Ile theluji ni mara mbili ya tulivyowaambia."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema kile chombo kinatia chumvi," mzee akajibu, na katika sauti yake mlikuwa na tabasamu. "Basi na hofu yako, binti yangu, naikata nusu."

Akairudisha simu kwa Greda.

Mvua ilianza jioni ileile, saa ambayo Mgeni alisema. Haikuwa na radi wala upepo. Iliteremka tu, nene, ya vuguvugu, kama mtu aliyefungulia bomba kisha akaondoka. Greda alituma ujumbe kwamba wamefika karakana, wote isipokuwa mzee. Bibi Jana aliusoma mara nyingi, akailaza simu kifudifudi, akaigeuza tena. Aliketi jikoni. Fundi bomba hakumwuliza kitu. Alikuwa ameoa mtu wa kimya na alijua kimya cha kazi na kimya cha msiba. Baada ya muda alikwenda kuchukua mkoba wake, akainama chini ya sinki, akalikaza lile bomba. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Sauti ya matone ikakatika, na ndani ya nyumba ikabaki sauti ya mvua peke yake. Mke wake alitamani ayarudishe matone.

Greda alipiga simu asubuhi, mkate ukiwa mezani haujakatwa. Hakusalimia.

"Mteremko umeshuka, dada. Nusu yake. Kambi haipo."

"Na mzee?"

"Kambi haipo, nimekuambia. Hakuna kitu. Hata greda silioni." Alikuwa akihema. "Tumepanda tangu mapambazuko. Tunachimba."

Ndipo Bibi Jana alipoelewa mdogo wake alikokuwa. Hakuwa karakana. Alikuwa amesimama juu ya theluji iliyoanguka, na juu yake ilikuwa inaning'inia nusu ya pili.

Alimwambia atoke pale. Greda akasema hawezi. Akasema Nyapara alibaki kwa ajili ya ule msemo, na msemo ule yeye Greda ndiye aliyeupeleka kambini, ndiye aliyeupamba, ndiye aliyewachekesha nao watu kila jioni. Atamwachaje chini humo? Alisema hayo kwa sauti ndogo, sauti ya yule mtoto wa mgongoni.

"Wewe uliupata wapi?" Bibi Jana akamwuliza.

Nyuma ya Greda sepetu ziliendelea kuchimba.

"Kwangu. Basi huo ni wangu, nitaubeba mimi. Mwenye deni la Nyapara ni mimi, siyo wewe. Mgeni anasema mvua itarudi adhuhuri. Shuka."

"Tukimpata tutashuka."

"Hamtampata kabla ya adhuhuri. Theluji ile naijua kiasi chake sasa. Shuka, mdogo wangu, na hao ulio nao uwashushe."

Mtu aliita jina la Nyapara mbali nyuma yake, kisha mwingine, kisha wote wakanyamaza kusikiliza. Bibi Jana naye alisikiliza, kana kwamba kutoka jikoni kwake angeweza kusikia filimbi.

"Nitashuka," Greda akasema. Simu ikakatika.

Alikwenda kazini kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Ofisi nzima ilikuwa imeshapata habari. Hakuna aliyemwita kwa jina la utani siku ile. Fundi mitambo, aliyelitunga, alimletea chai akaiweka mezani. Mkuu wa zamu alikuwa kwenye simu na mhandisi, na safari hii ni mhandisi aliyekuwa akizungumza sana.

Kipimo cha mlimani kilikuwa kimeingia kama kawaida. Mtungi ulikuwa bado umesimama pale mgongoni, uchi, na mvua haipeperuki kama theluji, kwa hiyo ulikuwa umepima vizuri. Alikilinganisha na alichosema Mgeni. Vililingana kama kikombe na sahani yake. Aliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza: Ilisema, ikawa.

Halafu hakuwa na la kufanya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikaa mbele ya jambo ambalo nusu yake ilikuwa bado haijatokea. Greda alisema atashuka. Alisema. Alitazama dirishani. Ukingo wa dirisha ulianza kupata madoa, moja moja, yenye nafasi kati yake. Kisha nafasi zikajaa.

Simu ilipolia aliiacha ilie mara mbili, kwa kuwa kabla haijapokelewa bado lolote lingeweza kuwa.

"Tupo karakana," Greda alisema.

"Wote?"

"Wote tuliokuwa tunapumua."

Nyuma yake ulisikika mvumo mrefu, mzito, kama samani kubwa inayoburutwa kwenye sakafu ya ghorofa ya juu. Uliendelea. Waliusikiliza, huku na kule, mpaka ulipokwisha.

"Hiyo ndiyo nusu ya pili," Greda akasema.

Nyapara alipatikana theluji ilipoyeyuka, karibu na kalavati, sepetu ikiwa mkononi. Kalavati lilikuwa limesimama. Greda hakurudi kuendesha greda. Siku hizi anafanya kazi kwenye kizuizi cha barabara, anakifunga mapema mno, na madereva wanamtukana. Mkato ulifutwa. Fundi mitambo alipanda mlimani na vibati vipya mgongoni, akavifunga kwa mikono yake, akapiga picha pande zote nne.

Asubuhi iliyofuata baada ya picha hizo kufika, Bibi Jana aliwahi kazini. Mkuu wa zamu alipita mezani kwake, akasita, akamwuliza kama sasa ameridhika. Yeye alikuwa na orodha ya vituo vyote vya nchi mbele yake, vya milimani, vya mabondeni, vya jangwani, vingine kwenye viwanja ambavyo yeye wala mtu yeyote anayemjua hajawahi kukanyaga. Vipimo vilikuwa vimeingia vyote, kwa wakati, safi, kila kimoja mahali pake. Kwenye safu ya vifaa, kila kituo kiliandikwa kamili.

"Niambie wewe," alimjibu bila kuinua kichwa. "Kipi kati ya hivi kimesimama uchi?"

Mkuu wa zamu aliinama akatazama orodha pamoja naye. Nje upepo ulikuwa umeanza.